Mwaka Nilipouza Miisho ya Vitabu

Siku ya tatu ya matanga ya Shangazi Mwajuma, hitima imekwisha kusomwa na wali wa watu ungali unafuka masufuriani uani, mwanawe Ramazani alivuta kiti cha plastiki akaketi karibu nami. Alikuwa amefika asubuhi ile, na vumbi la barabara ya Kindu lilikuwa bado limemganda kwenye viatu vyake vya Lubumbashi. "Yaya Riziki," akasema, akivifuta kwa kitambaa, "wewe ulisoma vitabu kupita sisi wote. Halafu ukabakia paka hapa." Kwetu yaya ni dada mkubwa, na paka ni tu, wala si mnyama; naye hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesikitikia sufuria nzuri iliyogeuzwa chombo cha kunyweshea kuku. Wanawake wawili waliokuwa wakiosha sahani walipunguza kelele ili wasikie nitajibu nini. Mimi jibu zuri hunijia kesho yake, nikiwa nafagia. Kwa hiyo niliinuka nikamwongezea wali, maana mtu mwenye wali mdomoni hutulia hata kama hana adabu. Jibu langu ni hili ninaloliandika sasa. Limechelewa kama kila kitu kinachopita katika barabara zetu, lakini limefika.

Mwaka ninaotaka kuusema ni ule niliokuwa na miaka kumi na saba. Shule zilikuwa zimefungwa. Aliyekuwa hapa Kasongo anajua sababu, na asiyekuwa hapa sina hamu ya kumsimulia leo. Nilipelekwa kukaa kwa Shangazi, ambaye alikuwa akiuza karanga za kukaanga mbele ya nyumba yake, hatua chache kutoka sokoni. Nilipewa chumba cha nyuma. Kilikuwa na dirisha moja la mbao lisilofunguka sawasawa, mkeka, magunia ya karanga yaliyopangwa hadi kimo cha kifua changu, na harufu ya karanga iliyonishika nywele mwaka mzima hata kuku walikuwa wakinifuata. Chini ya dirisha palikuwa na sanduku kubwa la bati, na ndani ya sanduku hilo mlikuwa na vitabu. Vilikuwa vya mwalimu mmoja mzee aliyekuwa amefariki mtaani kwetu. Mjane wake aliporudi kwa ndugu zake Kabambare, alimwomba Papa Kalonda ampakilie sanduku kwenye baiskeli. Papa Kalonda alikuwa mmoja wa wale watu waliokuwa wakisukuma baiskeli zenye mizigo kutoka hapa hadi Wamaza na Salamabila, juma zima kwa miguu, mwanamume mrefu wa Kibangubangu mwenye magoti kama mafundo ya kamba. Alilinyanyua sanduku upande mmoja, akaliteremsha. "Mama, mimi ninabeba chumvi na sabuni," akasema. "Maneno sibebi." Basi sanduku likabaki kwa Shangazi, naye alilipokea kwa furaha kubwa, kwa sababu karatasi za kufungia karanga zilikuwa zimemwishia.

Kazi yangu ilikuwa kuchana. Nilikaa mkekani, nikachana ukurasa, nikausokota uwe kifuko chenye ncha chini, nikaupachika ndani ya mwenzake, mpaka nikawa na safu ndefu kama mkia wa mamba. Shangazi alikuwa na sheria moja tu: anza nyuma. Ukianza mbele, aliniambia, ganda la kitabu linatoka, uzi unafunguka na kurasa zinatawanyika na upepo. Ukianza nyuma, kitabu kinashikamana mpaka ukurasa wake wa mwisho, yaani wa kwanza. Nilimtii. Nilikuwa na mikono myepesi na akili nzito. Kwa muda wa miezi miwili nilipita katika kila kitabu cha sanduku lile, kurasa ishirini hapa, thelathini pale, kila mara kutoka nyuma, kwa sababu nilipenda vibaki na unene wa kufanana. Nilijiona fundi.

Watu wanaoandika kumbukumbu zao hupenda kusema walizaliwa na kiu ya kusoma. Mimi nilizaliwa na uvivu. Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, soko likazama, hakukuwa na karanga za kuuza wala mahali pa kwenda, na hata pangekuwapo nisingekwenda, kwa kuwa tangu utotoni nimeona kwamba safari nyingi huishia kwa mtu kutamani kitanda chake. Nikafungua kitabu kama mtu anavyofungua sufuria asiyoitarajia kuwa na kitu. Cha kwanza kilihusu maradhi ya kwato za farasi. Nilikisoma chote, yaani chote kilichobaki. Kasongo hakuna farasi, lakini mpaka leo, farasi akipita mbele ya mlango wangu anachechemea, mimi nitajua la kufanya. Cha pili kilikuwa cha adabu za mezani, jinsi ya kula samaki kwa visu viwili bila kugeuza uso. Nilijaribu mafundisho yake jioni ile ile juu ya bugali na sombe, yaani ugali na kisamvu cha mawese, nikitumia vijiko viwili. Ramazani, aliyekuwa mdogo wangu kwa mwaka mmoja, alicheka hadi mawese yakamtoka puani, naye Shangazi akaninyang'anya vijiko akisema, "Mukono yako imekukosea nini?"

Cha tatu kilikuwa na ganda la kijani. Kilikuwa hadithi, kwa Kifaransa kama vingine vyote, na nusu ya maneno niliyakisia. Palikuwa na mwanamke aitwaye Madame Odile, aliyekaa katika nyumba iliyopakana na kituo cha gari la moshi. Kwa miaka ishirini alikuwa akiwapikia kahawa wageni wa mumewe, na kila alasiri treni ilipita na kutikisa vikombe. Hakupigwa, hakutukanwa. Hakuulizwa kitu, basi. Alasiri moja, wageni wakiwa njiani, alifunga nguo zake katika sanduku dogo, akavaa koti, akafika mlangoni, akaweka mkono kwenye komeo. Nikageuza ukurasa. Palikuwa na ganda tu, na mbele ya ganda, mabaki ya kurasa zilizochanwa, ukingo wake umekatika kwa mshazari kuelekea chini, namna mtu anayetumia mkono wa kushoto anavyochana. Nyumbani mle mtu wa mkono wa kushoto alikuwa mmoja. Nikafungua vitabu vyote, kimoja kimoja, mvua ikipiga mabati. Wote walikuwa wamesimama mlangoni. Sikumwachia hata mmoja mwisho wake. Nilikuwa nimeiuza miisho yote, yenye chumvi kidogo.

Nilikumbuka kwamba kile cha kijani nilikichana juma ambalo Papa Kalonda alipakia mizigo ya kwenda Salamabila, maana alichukua vifuko vingi vya karanga vya safari. Aliporudi nilimfuata hadi alipoegemeza baiskeli yake ukutani kwetu.

"Papa, zile karatasi za karanga, bado unazo?"

"Ile? Mademoiselle, nilisha vuta."

"Kuvuta namna gani?"

"Na tumbako. Karatasi yembamba vile inaungua muzuri sana. Tulipumuzika pale Lusangi, nikavuta ya kwanza. Mbele kidogo nikavuta ya pili."

"Haukusoma hata mustari moja?"

"Mama, nilikuwa nasukuma baiskeli. Unataka nisukume na nisome?" Akanitazama usoni, akaona kwamba sikuwa nikitania. "Sasa ilikuwa inasema nini?"

"Hiyo ndiyo nilitaka wewe uniambie."

Nikamsimulia kisa chote pale pale ukutani, mpaka kwenye komeo. Alisikiliza akiwa ameshika kofia. "Na alitoka?" akauliza. Nikamwambia yeye ndiye aliyemvuta. Nilimwona mwanamume aliyesukuma magunia ya chumvi kupita milima yote ile akiinamisha kichwa kama aliyekanyaga kaburi la watu.

Kesho yake asubuhi, Shangazi aliponiita nichane, nilikuwa nimekalia sanduku. Wengine huasi kwa kukimbia au kupiga kelele. Mimi uasi wangu niliufanya kwa makalio, kiungo ninachokiamini kupita vyote.

"Toka juu ya sanduku. Karanga zinapoa."

"Sitoki, Shangazi. Sichani tena."

"Sitoki ni jina ya nani? Mimi nilimuita Riziki."

"Vitabu viko na mwisho. Mimi niliviharibu. Sitaongeza."

"Hata mimi niko na mwisho," akasema Shangazi, "na ukiendelea hivi utanionyesha leo leo." Alisimama mlangoni na mwiko wake, mwanamke mfupi, mpana, ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja na ambaye hakuna mtu sokoni aliyewahi kumpita kwa hesabu wala kwa maneno. "Kitabu moja inafungia soko nzima karanga. Mu kichwa yako inafungia nini?"

Hata leo nikiulizwa hivyo nitababaika. Nikasema tu kwamba sitoki. Alingoja, akaenda kukoroga karanga, akarudi, akanikuta. Adhuhuri akala peke yake. Nikausikia wali ukikwanguliwa chini ya sufuria, kwa makusudi, kwa muda mrefu kuliko wali wenyewe ulivyohitaji. Alasiri akaja na masharti. Zamani, kabla ya karatasi, karanga zilifungwa kwa majani mapana ya mtoni, yale yale ya kufungia chikwanga, mkate wetu wa muhogo. Kama nataka vitabu vikae, niende nikate majani hayo mimi mwenyewe kila asubuhi. "Mpaka mvua ikatike," akasema. "Majani yakikauka na wateja wakinikimbia, ninachana vyote, na ile mwanamuke yako ya treni ninamuchana wa kwanza."

Kwa hiyo mimi, ambaye kwenda kisimani nilikuwa nikikuhesabu kama hija, nilianza kutembea saa nzima kila alfajiri hadi mtoni. Vitabu husifiwa kwamba hukufikisha mbali. Vyangu vilinifikisha kwenye matope, nikaanguka mara mbili juma la kwanza, na nyigu wakanifundisha kukimbia. Na majani hayakupendwa. Mtu wa mjini alitaka karanga zake katika karatasi, hata kama hakujua herufi moja, kwa kuwa karatasi ilikuwa ya mjini na jani lilikuwa la shambani. "Mama Ramazani, mulisha rudia kijijini?" wateja walimwuliza Shangazi. Alicheka nao, kisha akanitupia jicho lililosema: mvua itakatika. Nikaanza kuhesabu mawingu.

Aliyeniokoa, kama niliokolewa, ni Papa Kalonda. Aliporejea baada ya majuma mawili hakuuliza habari za nyumbani wala za karanga. Alisema, "Watu ya Wamaza wanakataa." Nikamwuliza wanakataa nini. Ikawa kwamba kabla hajaondoka nilikuwa nimemtungia mwisho, ili asiendelee kuinamisha kichwa: Madame Odile alifungua mlango, akapanda treni, akaenda, basi. Naye alikuwa ameubeba mwisho huo hadi Wamaza, juu ya chumvi, na kuusimulia penye moto. "Wamama ya kule wanauliza: alibeba chakula gani ya njia? Kule anaenda iko nani anamungojea? Wanasema mwisho ile ni ya mutu hajasafiri hata siku moja."

Walikuwa wamenijua bila kuniona. Nikaona haya, nikatunga mwingine, wenye chakula cha njia ndani. Nao ukarudishwa. Wachimbaji wa Salamabila walitaka apate dhahabu chini ya reli. Mama mmoja hapa hapa mtaani alitaka mume aumwe, asipatikane wa kumpikia uji. Watu wakaanza kusimama mbele ya meza ya Shangazi kuuliza habari za Madame kama wanavyouliza habari za jirani, na wakiwa wamesimama huwezi kuwaacha mikono mitupu, kwa hiyo walinunua karanga, katika majani, wakilalamika. Nikaingia kwenye vitabu vingine vya sandukuni, vyote vimesimama mlangoni, nikawa nagawa miisho kama mtu anayegawa chanjo. Jambo baya lilikuwa kwamba sikuwa na kumbukumbu nzuri ya uongo wangu.

"Juzi huyu mwanamuke alikufa," Shangazi akaniambia jioni moja, akipepeta. "Jana ukamuozesha. Leo Kalonda anasema ameonekana Salamabila. Iko na miguu ngapi?" Ndipo nilipojua kwamba alikuwa akisikiliza. Nilidhani alikuwa akihesabu wateja.

Nami ningependa kuandika hapa kwamba biashara ilinawiri. Haikunawiri. Karanga za majani ziliuzika pungufu ya zile za karatasi mpaka siku ya mwisho, na mvua ilikatika mapema mwaka ule. Majani ya mtoni yakajikunja, nikawa nakwenda mbali zaidi na kurudi na machache, yenye kingo za manjano. Siku moja baada ya sala ya alasiri Shangazi aliingia chumba cha nyuma, akajitandaza mkekani, akasema, "Fungua." Nikafungua sanduku. Alitoa vitabu kimoja kimoja, akivipima mkononi kama mihogo. Alipofika kwenye kile cha kijani alinipa. "Nisomee pale alisimama. Usiongeze kitu ya Wamaza wala ya Salamabila. Paka ile imeandikwa." Nikamsomea, nikigeuza Kifaransa kuwa maneno yetu, nikivuta kila neno, kwa sababu alikwisha kusema atamchana wa kwanza. Koti. Sanduku dogo. Vikombe vimepangwa. Mkono kwenye komeo.

Nje Ramazani alikuwa akimfukuza mbuzi wa watu.

"Hakutoka," Shangazi akasema.

"Shangazi umejuaje?"

"Mutu ya kutoka hashiki komeo na kuwaza. Unasikia paka mulango. Huyu hakutoka. Lakini kule jikoni pia hakurudia." Akapiga bati la sanduku kwa kiganja. "Aliweka ile sanduku yake katikati ya nyumba, akaikalia. Na koti yake vile vile. Wageni wakaingia, wakamukuta. Bwana anasema: kahawa iko wapi? Yeye anasema: jiko iko pale, upike."

Nilikuwa nimetunga miisho kumi na zaidi na katika yote nilimtafutia pa kwenda. Kumweka akae mahali pake, akatae akiwa pale pale, jambo hilo halikuwa limenijia, mimi niliyekuwa nimelifanya kwa makalio yangu mwenyewe. Shangazi alikiweka kitabu cha kijani kando, upande wa mto wangu. Kisha tukagawana kama watu wazima. Nilimpa farasi, ambao nilikwisha kuwashika kichwani, nikampa adabu za mezani kwa mikono miwili, nikampa na vingine ambavyo sikuvipenda. Vikachanwa vyote, msimu wote wa kiangazi. Vilibaki kumi na kimoja. Hakuvigusa tena. Shule zilipofunguliwa nilirudi nikamaliza sekondari, bila haraka na bila sifa, nikarejea chumba cha nyuma, na hapo ndipo nilipo.

Sasa nirudi kwa Ramazani na wali wake. Alipomaliza kula alinifuata ndani. Nilimwonyesha kitabu cha kijani, kona moja imeliwa na mchwa, nikamsimulia jinsi mama yake alivyokimaliza, maana yeye siku ile alikuwa na mbuzi. Alicheka, akajifuta macho, kwa sababu wakati wa matanga hivyo viwili hutoka bomba moja. Halafu akatoa simu. "Ngoja, Yaya. Nipatie jina ya kitabu. Leo kila kitu iko humu. Dakika mbili ninakupatia mwisho ya kweli."

Niliweka kiganja juu ya ganda, nikalifunika jina. "Zima hiyo."

"Miaka yote ile na hautaki kujua?"

"Nilisha pewa. Na mama yako."

Aliniangalia kama anavyoniangalia kila anapokuja, akitafuta ni wapi nilipopotelea. Huenda aliyekiandika kitabu kile alimpandisha Madame Odile treni, akampeleka mji mkubwa akawa mtu. Ni haki yake. Lakini hakuwahi kukaa siku nzima bila wali juu ya sanduku la bati, naye mama mmoja asiyejua herufi alikwisha kumsahihisha. Nimechoka kuulizwa vitabu vimenifikisha wapi, kana kwamba ni baiskeli za Papa Kalonda. Wanaosoma ili waondoke waende salama, njia haijafungwa. Mimi nilisoma nikajifunza kukaa, na kukaa kwangu si kwamba nilikosa usafiri. Kila mwaka kuna mtu anayenijia na mwisho wangu mkononi, tayari, amenitungia: ungekuwa Kinshasa, ungekuwa na wadhifa, ungekuwa umeolewa na mtu wa dhahabu. Nawasikiliza kama wamama wa Wamaza. Nakataa.

Ramazani alirudisha simu mfukoni. Chumba kilikuwa kimejaa magunia na joto, na sauti za watu wa matanga zilikuwa zikipungua uani. Nilikuwa nimechoka, nikakaa mahali ninapokaa siku zote, juu ya sanduku, kanga ya msiba ikiwa bado begani. Akaniuliza kama nimekasirika. Nikasema hapana. Akasimama kidogo, akatazama huku na huku, akauliza kama kuna kahawa.

"Jiko iko pale," nikamwambia. "Upike."